Vidole vya Monitrice

Mtaani kwetu Kampemba, Lubumbashi, hakuna mwanamke wa umri wangu ambaye Monitrice hajawahi kumwambia "fumua". Alifundisha ushonaji kwenye foyer, ile nyumba ndefu yenye madirisha ya buluu ambako akina mama na mabinti walikuja kujifunza kukata na kushona. Alipita katikati ya mashine, utepe wa kupimia shingoni, akachukua kazi ya mtu, akaigeuza ndani nje, akaufuata mshono kwa ncha ya kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho huku macho yake yakiangalia dirishani. Kidole kikisimama, basi. Alikurudishia nguo bila hasira na kusema neno moja tu. Mshono ukiwa mzuri hakusema kitu, aliupita akaenda kwa mwingine.

Mimi alinifukuza. Nalisema mapema, mtu asije akafikiri namsifu kwa sababu nilikuwa kipenzi chake. Nilikaa darasani miezi minne nikiharibu vitambaa vya mama yangu, hadi siku moja kidole chake kiliposimama mara tano kwenye pindo la sketi yangu. Akaniambia mbele ya wote: "Mutoto, mushono yako inatembea sawa muntu mwenye anatoka ku bar. Nenda utafute kazi ingine. Hii mikono haiko ya shindano." Mikono yangu haikuwa ya sindano: nililia njia nzima. Kisha nikajifunza kusuka, nikafungua saluni karibu na soko, mlango wa tatu kutoka kwake, na mikono hiyo hiyo imenilisha miaka ishirini. Hata hivyo, kila alipopita mbele ya saluni nilijikuta nanyoosha blauzi.

Alikuwa mtu mwenye sheria nyingi, na nusu ya sheria hizo zilikuwa za watu wengine. Mwanafunzi akichelewa dakika mbili alifungiwa mlango, lakini yeye mwenyewe aliingia misani Injili ikiwa imeshaanza, kila Jumapili, akisema Mungu anaona hata walio njiani. Alituambia sukari inaozesha meno, na mfuko wa aproni yake haukukosa karameli. Umbea aliuchukia kabisa, ila ukimpelekea habari alikusahihisha: si Jumanne, ilikuwa Jumatano, na si dada yake, ni shemeji.

Kwetu kansa husemwa kwa sauti ya chini. Watu husema "ule ugonjwa", wengine husema mtu amerogwa, na wengine hunyamaza mpaka siku ya mazishi. Monitrice alitoka hospitalini na bahasha yake ya karatasi, akaja moja kwa moja saluni kwangu, ambako wanawake sita walikuwa wamekaa na vichwa vilivyosukwa nusu, akasimama mlangoni kama alivyosimama darasani.

"Bamama," akasema, mkono juu ya titi lake la kushoto, "niko na cancer ya sein, upande ya kushoto. Lundi banaanza kunitia produit. Mwenye iko na question aulize sasa, juu kesho niko nafua manguo."

Hakuna aliyeuliza. Mmoja alianza kulia, Monitrice akampa karameli. Kisha akatutolea methali, kwa Kiswahili cha kitabu, kama alivyofanya kila alipotaka tukumbuke jambo: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Tuliitikia kwa pamoja kama watoto wa shule.

Dozi za dawa, kuanzia Jumatatu ile, zilikuwa sita, moja kila baada ya wiki tatu, naye alizipa majina ya kazi yake. Ya kwanza ilikuwa patron, ile karatasi ya kuchorea. Ya pili kukata, ya tatu kushikiza, ya nne kushona, ya tano vifungo, ya sita pasi. Ukimwuliza amefika wapi hakusema ya pili au ya tatu, alisema: "Nimeisha kukata." Hata muuguzi wa pale hospitalini alijifunza, akawa anampokea kwa kumwuliza kama leo wanashikiza.

Kabla nywele hazijaanguka alikuja kwangu asubuhi moja, akakaa kwenye kiti bila kungoja zamu. "Unikate yote. Sitaki kuokota nywele mu sahani ya bukari." Nimenyoa vichwa vingi, lakini siku ile nilianzia nyuma, mahali asipoweza kujiona. Yeye alikuwa anajiangalia kiooni, akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto. "Kumbe kichwa yangu iko muzuri gisi hii," akasema, "na nilikuwa nayifichaka miaka yote."

Alikataa wigi. Aliyokuwa nayo ni magunia ya vipande vya vitambaa, mabaki ya kila nguo aliyowahi kuwashonea watu wa avenue yetu, na kutoka humo alijitengenezea vilemba, kila siku kingine. Basi wanawake wakawa wanazitambua nguo zao kichwani mwake. Alipita sokoni, muuza nyanya akapaza sauti kwamba hiyo ni ya harusi yake. "Njo yenyewe," alijibu Monitrice, "na ulikuwa na kiuno, siku ile." Ilifika mahali watu wakawa wanabishana nani atavaliwa Jumapili.

Chakula kilimtesa zaidi ya nywele. Kinywa chake kilikuwa na ladha ya chuma, kila kitu, hata maji. Watu wengine wangelalamika, yeye aliitaja shaba, ambayo kwetu ni mukuba: "Mume wangu alisafirisha mukuba miaka makumi tatu mu train, hakuniletea hata kipande. Sasa minakula bure." Akaweka vijiko vyote vya chuma kabatini, akawa anakula kwa kijiko cha plastiki, kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na chakula kikiwa kimepoa ili harufu isipande. Makayabu, samaki wa chumvi, hakuweza kabisa. Jirani wa ukuta akikaanga samaki, Monitrice alihamia saluni kwangu na kiti chake, akanusa limao hadi sufuria iteremke. Kwa vidonda vya mdomoni alisukutua maji ya chumvi, akanyonya vipande vya barafu, na karameli zake akazitunza kwa siku za kwanza baada ya dozi, wakati hata tangawizi ya kutuliza kichefuchefu ilikuwa imemshinda.

Dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu, na muuguzi alimwonya kwamba mkojo nao utakuwa mwekundu siku moja au mbili. Akalijibu onyo hilo kwa kichwa tu. Kesho yake alinitumia mtu niende haraka. Nikakimbia na mafuta ya nywele mikononi. Nilimkuta amekaa, ametulia. "Nilitaka tu ujue," akasema, "niko nakojoa grenadine." Kwa sharubati nyekundu hiyo nilikasirika wiki nzima.

Kwenye utepe wa kupimia, ule wa shingoni, alifunga kipimajoto kwa uzi. Daktari alimwambia homa ikigonga thelathini na nane asingoje asubuhi wala padri, aje hospitalini. Langoni aliweka ndoo, sabuni na benchi. Mwenye kikohozi alimsalimia akiwa barabarani, hata kama ni katekista. Lakini kuwazuia watu wa Lubumbashi wasimtembelee mgonjwa ni kazi ngumu kuliko kansa yenyewe, na hapo ndipo tulipofanya kosa letu kubwa.

Ilikuwa wiki moja baada ya dozi ya tatu. Matawi ya mvoka, ule mti wa parachichi, yalikuwa yanagonga mabati juu ya chumba chake, hapati usingizi, basi akaita wanaume wawili wakayakata na kuyarundika barabarani mbele ya lango, wangoje mkokoteni. Siku hiyohiyo jumuiya ya sala ilitakiwa kukutana kwake, na kwa sababu hakuruhusiwa kukaa na watu wengi ndani, tuliazima viti vya plastiki tukavipanga uani. Kila mmoja alifanya sehemu yake, na hakuna aliyesimama akaangalia kazi nzima. Kwetu matawi barabarani na viti uani ni kitu kimoja tu, ni kilio cha msiba.

Aliyeyaona kwanza alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akitoka Naviundu kwa pikipiki. Alishuka kabla haijasimama. Sauti yake ilifika sokoni, soko likaja. Mimi niliyevipanga vile viti kwa mikono yangu nilisikia kilio nikatoka mbio na kitana, nikaanguka chini na wenzangu, nikalia kwa moyo wote. Mtu alikuwa ameshaleta gunia la makala, makaa ya kupikia waombolezaji, na sufuria kubwa. Mama mmoja, ambaye Monitrice alimfumulisha gauni moja mara tisa, alikuwa anaeleza kwa machozi kwamba marehemu alikuwa na roho ya upole.

Monitrice alikuwa amelala chumba cha nyuma, kwa zile dawa za kuzuia kutapika. Aliamka, akafunga kilemba, akaja mpaka mlangoni, akasimama kusikiliza. Hatujui alisimama kwa muda gani.

"Bon," akasema mwishowe. "Mwenye alisema nilikuwa na roho ya upole arudilie. Sikusikia muzuri."

Wawili waliruka ukuta. Wengine tulibaki chini. Kisha mtu akacheka, na kicheko kikaenda mpaka barabarani. Monitrice alituamuru tunawe mikono na kutenganisha viti, na mwenye gunia alipoinama kulichukua alimgusa begani. "Makala ibakie," akasema. Ilipikia chai yake hadi dozi iliyofuata.

Nimecheka na kisa hicho mara nyingi, lakini siku ile nililia kweli, na usiku ule nilijua jambo ambalo sikuwa nimejiambia: nisingependa mtaa huu bila mtu wa kunifanya ninyooshe blauzi.

Baada ya dozi ya tatu walibadilisha dawa. Hii mpya haikumtapisha sana, ladha ya chuma ikapungua, tukafurahi mapema. Kisha akaanza kuangusha vitu. Kifungo, kikombe, rozari. Akasema ni uzee. Nilimwona siku moja anatia uzi kwenye sindano, mara ya kwanza, ya pili, ya nne, kisha akaiweka sindano chini na kusema amesikia usingizi. Sikulitilia maanani, na hilo najilaumu.

Alasiri moja, dozi ya nne imepita siku kumi, nilimpelekea uji. Alikuwa anapiga pasi, ile pasi ya makala aliyokataa kuitupa hata umeme ulipokuja. Nilisikia harufu kabla sijaona. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimelalia ubavu wa pasi, naye alikuwa ananiuliza kama uji una sukari. Niliuvuta mkono, nikautia kwenye maji. Alikiangalia kile kidole kama kidole cha mtu mwingine.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu dimanche ya mbele. Bidole bimelala. Shindano minaishika, mais siisikie."

Nilihesabu siku kutoka Jumapili iliyopita. "Docteur anajua?"

"Haina," akasema, akatikisa kichwa.

Mezani, ndani ya karatasi, vilikuwepo vipande vya gauni jeupe. Binti yangu Exaucée alikuwa anapokea komunyo ya kwanza baada ya majuma manne na ushei. Kila msichana wa avenue yetu alikwenda altareni na gauni la Monitrice, hiyo ilikuwa kama sehemu ya sakramenti. Alikuwa amelikata kabla ya dozi ya nne. Hakuwa ameshona hata upande mmoja.

"Siende tena ku hôpital," akasema, akinyoosha vidole vinne. "Ine inatosha. Miaka makumi ine hii mikono njo ilikuwa miye. Kama produit inazima mikono juu ya kuponesha sein, nitapona nifanye nini?"

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sichagui maneno. Nilimwambia: "Monitrice, weye njo ulitufundishaka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kumbe ilikuwa ya bengine tu?"

Aliangalia karatasi mezani.

"Na robe ya mutoto?"

"Nitashona miye."

Alinitazama. Nadhani aliiona ile sketi, pindo lake lote. Alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka akakohoa, na nikaona ni mara ya kwanza kucheka tangu wiki iliyopita. "Weye," akasema.

"Weye utaonyesha, miye nitashona. Mais kesho tunaenda ku docteur, na unamwambia bidole yote kumi."

Alifikiri. Akanipa sharti lake, na ndilo lililonishika: kila atakaposema fumua, nitafumua bila kununa. Siku nitakapokataa kufumua, na yeye atakataa kwenda kuchomwa dawa. Tulipeana mikono, wake ukiwa unatona maji.

Daktari hakumkaripia, ingawa nilitamani amkaripie. Alimgusagusa vidole na ncha ya kalamu, akamwuliza hapa, na hapa. Akapunguza kipimo cha dawa. Akamwambia asikaribie babula, jiko la makaa, bila kinga mikononi, maji ya moto ayapime kwa kiwiko, avae viatu vya kufunika. Vidole, akasema, huenda vikaamka polepole, miezi mingi, pengine si vyote. Monitrice alimwuliza swali moja, kama kuna namna ya kuviharakisha. Hakuna. "Bon," akasema, "tutie bifungo." Ilikuwa dozi ya tano.

Kwa hiyo kila jioni, baada ya kufunga saluni, nilikaa kwenye mashine yake na yeye nyuma yangu. Mungu wangu, kufumua. Bega la kushoto nililifumua mara nne. Kola nililia juu yake. Hakunipigia kelele, hakunisifu, alitafuna karameli na kuniambia mambo ya mtaa aliyodai hayajui. Kuna siku alichoka, akalala kwenye meza ya kukatia dakika kumi, nami nikadhani nimesalimika, kumbe anasikiliza mashine. "Umerusha mushono moja," akasema macho yamefungwa. "Fumua." Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakusema koleo jipya linajisikiaje.

Likabaki pindo la chini. Nililimaliza Jumamosi, komunyo ikiwa kesho yake asubuhi, na dozi ya sita ikiwa Jumatatu. Upande wa nyuma, karibu na mshono wa kati, mkono wangu uliteleza, nami niliona. Pindo lilipinda kama upana wa vidole viwili, likarudi. Nilikuwa nimechoka, mtoto analala na vibano kichwani, nikampa Monitrice gauni hivyo hivyo.

Aliligeuza ndani nje. Akaangalia dirishani, akaanza kulifuata pindo kwa ncha ya kidole, kile kilichoungua, kovu lake bado jekundu. Kidole kilifika mahali pale, kikapita. Kikaendelea mpaka mwisho.

Hakusema kitu. Alinirudishia gauni.

Maisha yangu yote nilitaka apite hivyo juu ya mshono wangu, na alipopita niliingia chooni nikalia. Nilijua sasa vidole vile vimelala kiasi gani, na yeye hakujua. Ningemwambia? Jumatatu ilikuwa pasi, dozi ya mwisho, na nilijua angesema nini juu ya kupona na mikono iliyokufa. Nikanyamaza. Exaucée alikwenda altareni amenyooka kama mshumaa, Monitrice alifika Injili ikiwa imeanza, na Jumatatu nilimsindikiza kupiga pasi.

Hayo yamepita mwaka na miezi. Vipimo vyake ni vizuri, anakwenda kuonwa na daktari kila baada ya miezi mitatu. Nywele zimerudi nyeupe na laini, zimejipinda, amekataa rangi. Foyer hafundishi tena, ila hupita kuangalia, na wanafunzi wanasema afadhali alipokuwa anafundisha. Mimi siri yangu nilikaa nayo. Kila nilipolifua lile gauni niliona mahali pale.

Mwezi uliopita aliingia saluni mchana, watu wamejaa, akakaa bila kungoja zamu.

"Ile robe ya Exaucée iko wapi? Mutoto wa Mama wa nyanya anakomunika. Minataka kuyitengeneza."

Exaucée alikimbia nyumbani akaileta. Monitrice aliitandika magotini, akaigeuza ndani nje. Mimi nilikuwa nasuka mteja, mkononi nina rasta tatu. Akaangalia nje barabarani na kidole kikaanza safari yake. Nilijaribu kuangalia kichwa cha mteja wangu. Nilikuwa naogopa vitu viwili kwa pamoja, kwamba kitasimama, na kwamba kitapita tena.

Kidole kilifika karibu na mshono wa kati. Kilisimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikapita tena pale pale, taratibu, kikasimama.

Monitrice aliacha kuangalia barabara. Alikiangalia kidole chake kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akainua macho kwangu.

"Fumua," akasema.

Wateja hawakuelewa kwa nini nimeangusha kitana, wala kwa nini namkumbatia mama anayenigombeza.

"Unalia nini?" akaniuliza. "Ni sentimetre ine tu." Lakini sauti yake nayo haikuwa imenyooka. Mfukoni mwa aproni akatoa karameli mbili, moja akanipa, moja akafungua mwenyewe, na karatasi yake aliivua kwa kucha, bila kuangalia.

Nilimwacha mteja na nusu kichwa, nikatafuta wembe, nikakaa chini miguuni pake, nikafumua.